Asante mzee uliyetutengenezea tanga Moroto

Jamani nimshukuru yule mzee aliyesimamisha boda yake pale uwanjani nje ya mji wa Moroto, Uganda, akatukuta na gari letu la tanga, lile linalosukumwa na upepo, hata jina hakuacha. Alivua zamani kwa mtumbwi wa tanga ziwa Victoria, basi akashika demani, ile kamba ya kuvutia tanga, akailegeza mpaka kitambaa kikaanza kutetemeka karibu na mlingoti, halafu akaivuta polepole, kilipotulia tu akafunga hapo hapo, maana ukikaza zaidi upepo unasukuma gari ubavuni badala ya mbele. Akapima na magurudumu ya nyuma kwa kamba mpaka yakawa sambamba kabisa. Sasa upepo ukija wa ubavuni linaushinda mbio upepo wenyewe! Mzee wangu Mungu akuweke, ukipita tena huku kiti ni chako, uendeshe mwenyewe.