Barua ya wazi kwa vijana wetu walioko Marekani wanaotaka kuomba udaktari kabla ya kumaliza masomo ya sayansi

Wanangu,

Nawasalimu nyote, mliozaliwa huku na mliofika mkiwa wadogo kutoka Tanzania, Kenya na Kongo, au kutoka kambi za Nyarugusu na Kakuma. Kwa miaka mingi nimefundisha kemia, kwanza sekondari nyumbani na baadaye katika chuo cha jamii hapa Marekani, na kila inapokaribia Mei huletewa swali lilelile, mara na mwanafunzi, mara na mzazi wake: je, ni sawa kutuma maombi ya shule ya udaktari mwaka huu ilhali kemia ogania, biokemia au fizikia bado haijakamilika? Kwa wengi wenu jibu langu ni kwamba subirini mwaka mmoja. Wapo pia wasiopaswa kusubiri, nao nitawataja.

Kwanza muelewe kwamba kanuni haziwakatazi. Fomu ya AMCAS, ambayo shule nyingi za udaktari hupokea maombi kupitia kwake, ina nafasi ya kuandika masomo unayoendelea nayo na yale utakayoyasoma muhula ujao. Dirisha hufunguliwa Mei, fomu huanza kutumwa mwishoni mwa mwezi huo au mapema Juni, na anayekubaliwa huanza masomo Julai au Agosti ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo kati ya kutuma na kuanza kuna zaidi ya mwaka mzima, na shule nyingi hutaka tu masomo ya lazima yawe yamekamilika kabla ya siku ya kuripoti. Baadhi zimefuta kabisa orodha ya masomo ya lazima. Ruhusa hiyo ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu fomu inakuruhusu kuandika somo ambalo hujalisoma, lakini haikupi alama ya kuweka mbele yake.

Naijua pia presha ya nyumbani. Mzazi aliyekulia Tanzania anajua kwamba kijana mwenye ufaulu mzuri wa PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, hutoka kidato cha sita na kuingia moja kwa moja kwenye shahada ya udaktari ya miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Mzazi wa Kenya anaijua njia ya miaka sita baada ya sekondari. Mzazi huyo akimwona mwanawe ana miaka 21 na hajaingia shule ya udaktari, huku binamu yake yuko mwaka wa tatu katika chuo cha udaktari cha Muhimbili, ana haki ya kuhofu. Mwambieni kwa upole na heshima kwamba huku udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, kwamba wanaoanza wana wastani wa miaka 24 hivi, na kwamba wengi wao walifanya kazi mwaka mmoja au miwili kabla ya kuingia. Mnaposubiri mwaka hamjachelewa, na mzazi akielezwa vizuri huelewa.

Sasa niseme kuhusu MCAT, mtihani wa kuombea nafasi katika shule za udaktari, kwa kuwa hapo ndipo madhara ya haraka huonekana mapema zaidi. Mtihani huo una sehemu 4, kila moja ikipimwa kwa alama 118 hadi 132, na jumla yake ni kati ya 472 na 528. Katika sehemu ya biolojia na biokemia, takriban robo ya maswali hutoka kwenye biokemia ya muhula wa kwanza; katika sehemu ya kemia na fizikia, robo nyingine hutoka kwenye biokemia hiyohiyo, robo ni fizikia, na kemia ogania ina sehemu yake pia. Mwanafunzi ambaye hajasoma biokemia wala fizikia anaingia kwenye chumba cha mtihani akiwa amekwisha kuachia wengine sehemu kubwa ya alama.

Msidhani pengo hilo huzibwa kwa kujisomea kitabu cha maandalizi wiki chache. Mtahiniwa hupewa kifungu kuhusu kimeng'enya pamoja na grafu yenye mistari miwili, mmoja wa kimeng'enya pekee na mwingine wa kimeng'enya kilichotiwa kizuizi, kisha anaulizwa kizuizi hicho hufanya kazi vipi. Aliyesoma somo hilo darasani na kufanya mazoezi yake huona kwamba mistari yote miwili inaelekea kasi ileile ya juu, ila wa pili unahitaji sabstreti (kemikali ambayo kimeng'enya huibadilisha) nyingi zaidi kufika nusu ya kasi hiyo, na papo hapo anajua kwamba kizuizi kinagombea nafasi ileile ambayo sabstreti hukaa. Aliyekariri tu atakumbuka majina ya Michaelis na Menten, wanasayansi wa kanuni ya kasi ya vimeng'enya, ataitazama grafu, na dakika zitampita. Niliwaona wanafunzi wenye akili nyingi sana wakikwama hapo, na sababu ilikuwa moja tu, kwamba walipangiwa mtihani kabla ya somo. Tena mkumbuke kwamba MCAT haiwezi kurudiwa bila kikomo: ni mara 3 kwa mwaka mmoja, mara 4 ndani ya miaka miwili mfululizo, na mara 7 katika maisha yote, na alama za majaribio yote huonwa na shule.

Jambo la pili linawahusu zaidi wale walioanza chuo kwa shida, na kwao naomba mnisikilize kwa makini. Mwaka 2023 waombaji walikuwa 52,577 na walioanza masomo walikuwa 22,981. Wastani wa GPA, yaani alama za jumla za chuo kwa kipimo cha hadi 4.0, kwa walioanza ulikuwa karibu 3.77, na wa MCAT karibu 511.7. AMCAS hukokotoa pia GPA ya pekee ya biolojia, kemia, fizikia na hisabati. Wengi wenu mlifika Marekani mkiwa katikati ya sekondari, mkajifunza Kiingereza na kemia kwa wakati mmoja, na mwaka wa kwanza wa chuo mkapata C ambazo hazisemi chochote kuhusu uwezo wenu wa leo. Ushahidi wa uwezo huo ni alama za masomo magumu ya mbele: A ya kemia ogania ya pili, A ya biokemia, B nzuri ya fizikia iliyopatikana huku unafanya kazi za usiku. Ukituma fomu kabla ya masomo hayo, msomaji wa kamati ya udahili ataona C za mwanzo na nafasi tupu mahali ambapo ushahidi wako ungekaa, naye hana njia ya kukisia kwamba umebadilika. Hata barua ya mapendekezo ya mwalimu wa sayansi itakuwa nyembamba, kwa sababu mwalimu ambaye angekuona ukipanda bado hujakutana naye. Jambo hili huniuma, maana vijana wa aina yenu ndio hospitali za huku zinawahitaji sana, na ndio mnaojiumiza kwa haraka.

Wa kutosubiri ni huyu: amemaliza biolojia, kemia zote mbili na biokemia kwa alama nzuri, amefanya MCAT na matokeo yanaridhisha, na kilichobaki ni takwimu, au muhula wa pili wa fizikia, au somo la uandishi. Huyo atume mapema, Juni ileile, kwa kuwa shule nyingi husoma maombi kadiri yanavyoingia. Ahakikishe tu kwamba kila somo aliloahidi kwenye fomu analisoma kweli na kulifaulu kwa kiwango ambacho shule imetaja, mara nyingi C au zaidi, kwa sababu nafasi iliyotolewa kwa masharti huweza kuondolewa masharti yasipotimizwa.

Wapo wanaosema watasoma kemia ogania na fizikia majira ya joto huku maombi yakiendelea. Julai ndiyo mwezi ambao shule hutuma maswali yao ya insha, wakati mwingine shule kumi kwa wiki moja, na somo la maabara la majira ya joto hubana kazi ya muhula mzima ndani ya wiki chache. Sijaona sababu ya kumshauri mtu afanye yote mawili.

Kuhusu fedha, ada ya AMCAS ni zaidi ya dola 170 kwa shule ya kwanza, na kila shule inayoongezwa ina ada yake, kisha huja ada za insha. Upo mpango wa AAMC, chama cha shule za udaktari za Marekani kinachosimamia AMCAS na MCAT, wa kusaidia wenye kipato kidogo, nao uko wazi hata kwa waliopewa hadhi ya ukimbizi. Hupunguza sana ada ya MCAT na kuondoa ada ya AMCAS kwa idadi fulani ya shule. Lakini lazima ukubaliwe kwanza ndipo ulipe au utume chochote, kwani mpango haurudishi fedha zilizokwisha kulipwa. Anayeomba mara ya pili hulipa upya, na shule nyingi zitamuuliza nini kimebadilika tangu alipoomba mara ya kwanza.

Mwaka wa kusubiri una kazi yake. Malizeni masomo yaliyobaki, kisha tafuteni kazi inayowaweka karibu na wagonjwa, kama vile usaidizi wa wauguzi au ukalimani wa hospitali. Wakalimani wa Kiswahili wanahitajika katika miji mingi iliyopokea wakimbizi wa Kongo. Kuijua lugha peke yake hakutoshi, na anayetaka cheti cha kitaifa huhitaji angalau saa 40 za mafunzo, lakini kijana mwenye Kiswahili na Kiingereza safi anaweza kuyamaliza.

Neno la mwisho ni kwa waliosoma sayansi chuoni Tanzania, Kenya au Kongo kabla ya kuja huku. AMCAS haihakiki alama za vyuo vya nje, na shule nyingi hutaka masomo ya lazima yawe yamesomwa Marekani au Kanada, hata kama ulikuwa wa kwanza darasani Lubumbashi. Kabla hamjalipa hata senti, iandikieni ofisi ya udahili ya kila shule mnayoifikiria, mkitaja somo kwa somo mlilosoma na mlilobakiza, muulize lipi wanalipokea na lini lazima liwe limekamilika. Jibu wakilitoa kwa maandishi, litunzeni.

Mzee wenu,
mwalimu wa kemia