Barua kwa Mama kuhusu daftari la darasa letu

Liège, Ubelgiji, 14 Juni 2024

Mpendwa Mama,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Koko na wote waliomo nyumbani. Ujumbe wa Neema ulinifikia Jumatatu. Kuhusu dola 60 anazoomba kwa ajili ya sherehe ya wafinalisti wanaomaliza sekondari, usiwe na wasiwasi: nimezituma leo asubuhi, nikaongeza 25 za viatu, maana binti wa nyumba yetu hatasimama mbele ya wazazi wa wenzake akiwa amevaa viatu vya kuazima. Nambari ya kuchukulia pesa nimemwandikia kwenye simu yake. Lakini kuna sentensi moja aliyoiweka mwishoni kabisa, kana kwamba ni jambo dogo, nayo imeninyima usingizi tangu siku hiyo: kwamba tarehe 29 Yaya Déo, kaka yetu wa kwa Baba Mdogo, atakuja kusoma "daftari lake", lile la picha za maneno za darasa letu, na kwamba Baba Mdogo ameshawatangazia watu wa Nguba kuwa mwanawe ndiye aliyeliandika.

Mama, daftari lile niliandika mimi. Wewe ndiwe uliyelinunua Kadutu, mwanzoni mwa mwaka 2008, la kurasa 100 na jalada la buluu, ukitaka kuandika humo madeni ya wateja wako wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nami nikakusihi hadi ukanipa na kurudi kuandika madeni nyuma ya kalenda. Koko alinishikia taa ya petroli kila umeme ulipokatika, na katika mtaa wetu ulikatika karibu kila usiku, ingawa mto Ruzizi unaotoa umeme huo unapita mlangoni mwa mji wetu wa Bukavu. Simvunjii Baba Mdogo heshima. Sijasahau kwamba ndiye aliyenilipia masomo ya darasa la tano, mwaka ambao mkono wako ulikuwa mtupu. Lakini kulipiwa masomo ni jambo moja, na kunyang'anywa kilichoandikwa na mkono wangu ni jambo lingine, na nimechoka kunyamaza kwa sababu tu ya kuambiwa kwamba mambo ya ukoo hayatiwi kwenye barua.

Desturi unaijua. Katika darasa la sita, la mwisho la sekondari, ambalo siku hizi wanaliita mwaka wa nne wa humanités, tulimchagua mmoja wetu awaandike wenzake, mmoja baada ya mwingine, ili siku ya kuagana kila mtu asikie akitajwa na kuchekwa. Sisi wa mchepuo wa bio-chimie tulikuwa 38. Nilichaguliwa kwa kura 29 dhidi ya 8, na kura moja ilikosekana kwa sababu mwenyewe alikuwa bado njiani anatoka Bagira. Zile kura 8 zilikuwa za Déo. Baba Mdogo hajawahi kulisema hilo kwa watu wa Nguba, nami naomba safari hii lisemwe.

Yule wa Bagira nilimpa ukurasa wa kwanza ili angalau humo atangulie. Maneno yake ninayo kichwani hadi leo: "Ndugu yetu huyu hajawahi kuuona mwanzo wa kitu chochote. Somo la kwanza la siku hulipata kwa masimulizi, kama sisi tunavyopata habari za wakoloni. Tulipokwenda kusomea nyumbani kwao Bagira, ili siku moja tumkute amefika, tulikaa na mama yake saa nzima tukimsubiri." Ndivyo ilivyokuwa, na mama yake alitupikia viazi vitamu viwili vizima kabla hajatokea. Kisha asubuhi ya kwanza ya mtihani wa serikali, baada ya daftari kufungwa, tulimkuta ameketi mbele ya lango la kituo tangu saa kumi na moja alfajiri, amejifunika koti la baba yake, na alipotuona akatukaripia kwa kuchelewa. Ningekuwa na nafasi ningeliongeza hilo.

Picha ninayoipenda kuliko zote ni ya Sambaza. Mwalimu wa biolojia alikuwa ametufundisha kwamba sambaza si samaki wa asili wa ziwa Kivu: waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959, wakazaana hadi wakawa kitoweo cha mji mzima. Sasa kijana yule alihamia kwetu kutoka Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, mwembamba, macho makubwa, shati jeupe likimng'aa mgongoni. Nikaandika: "Ametoka Tanganyika kama ndugu zake. Huko Uvira wanamwita ndagala, sisi tunamwita sambaza. Alipofika alikuwa mmoja. Leo ukienda kwenye mpira yupo, ukienda kwenye kwaya yupo, kwenye foleni ya maji yuko mbele yako, na ukirudi nyumbani unamkuta anakula bugali na dada zako. Tunawaomba wataalamu watueleze amezaana vipi akiwa peke yake." Unakumbuka, Mama, nilipokusomea picha hiyo, ulicheka mpaka ukaliweka beseni chini, ukasema kwamba miaka yote umeuza sambaza lakini hujawahi kumwona mwenye jina la ubatizo. Je, nyumbani kwa Baba Mdogo kuna mtu aliyesomewa picha ile ikiwa bado na wino mbichi?

Halafu Mhubiri. Wiki nzima kabla ya tarehe 3 Februari 2008 alituambia kwamba parapanda iko karibu, na kwamba kati yetu wote yeye peke yake ameshafunga mizigo. Jumapili hiyo asubuhi ardhi ikatetemeka. Mambo ya siku ile hayakuwa ya kucheka, kuna waliozika watu wao, kwetu na ng'ambo ya Ruzizi, ndiyo maana nilingoja hadi Mei kabla ya kuiandika picha yake, na nilimwomba ruhusa kwanza. Yeye ndiye aliyeniambia niandike yote: kwamba alikuwa wa kwanza kutoka kanisani, kwamba alitoka kwa dirisha, kwamba Biblia na kiatu kimoja vilibaki ndani. Jibu alilotupa Jumatatu niliandika kama alivyolisema: "Nilikuwa tayari kwenda, ila nilikuwa sijamuaga mama." Darasa lililipenda jibu hilo kuliko mahubiri yake yote.

Larousse, tuliyempa jina la kamusi ile ya Kifaransa, ninamwona mbele yangu hata sasa ninapoandika. Yule dada alizungumza Kifaransa kirefu, chenye vituo na mabano, hata alipokuwa peke yake. Siku moja alisimama Nyawera mbele ya mama muuza mikate, akaeleza kwa sentensi moja isiyopumua kwamba angefurahi kupatiwa, iwapo hali ingeruhusu, mkate usioungua pembeni. Mama wa watu alisikiliza hadi mwisho, akageuka kwa wenzake, akawauliza kwa Kiswahili: "Huyu mtoto ananitukana mimi ama anatukana mkate?" Nilikuwepo, nilikuwa nimebeba mfuko wako. Na Duka, aliyekuwa na soko zima chini ya dawati lake, mandazi upande wa kushoto na kalamu upande wa kulia, alikuwa anaandika madeni yetu katika daftari la kemia kwa njia ya milinganyo, ili mwalimu akipita aone masomo tu. Mimi nilikuwa mandazi matatu juu ya kalamu moja. Asubuhi za mtihani aliuza kalamu zake zote kabla ya saa moja, na wa mwisho walilipa mara mbili.

Wengine nawapita, maana karatasi inakwisha. Lakini lazima nikueleze kwa nini nililiandika lote kwa Kiswahili, kwa sababu Neema amesema kwamba Déo atalisoma kwa Kifaransa "ili wazazi walione lina uzito". Shuleni kwetu, aliyesikika akisema Kiswahili uwanjani alivishwa kipande cha ubao shingoni, akakivaa hadi amnase mwingine. Nimekivaa mara nyingi, nami sikuona aibu. Tulijibu mitihani kwa Kifaransa, tukaandika insha kwa Kifaransa, na sikuwahi kushindwa insha hata moja. Lakini hakuna aliyewahi kutuchekesha hadi machozi kwa Kifaransa, na wenzangu nilitaka kuwaandika kwa lugha waliyoniitia waliponiona upande wa pili wa barabara. Prefe, mkuu wa shule yetu, alipolikamata daftari, lilikaa ofisini kwake siku mbili, nami nilijiandaa kufukuzwa wiki tatu kabla ya mtihani. Siku ya tatu aliniita, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanisemesha kwa Kiswahili: "Na mimi umeniacha kwa nini?" Nikamweleza kwamba ni la wafinalisti tu. Akanyamaza, akachukua muhuri, akalipiga daftari ndani ya jalada la nyuma, akanirudishia. Muhuri ule upo hadi leo. Sijui mtoto mwingine wa Ibanda ambaye maneno yake ya Kiswahili yaligongwa muhuri wa prefe.

Sasa nafika kwa Déo mwenyewe. Yupo humo, ukurasa wa kumi na moja, naye hawezi kuuruka bila watu kuona. Niliandika: "Déo huazima kalamu yako asubuhi, na jioni anakukopesha kalamu hiyohiyo, akikusihi usichelewe kumrudishia." Alipoisikia siku ile alicheka kuliko watu wote, akanikumbatia, nami nilimpenda kwa sababu hiyo, na bado nampenda, ni ndugu yangu. Ndiyo maana jambo hili linaniuma. Angekuwa mtu wa mbali ningeliacha lipite.

Na kama watasema kwamba Déo alijiandika mwenyewe, basi wahesabu. Tulikuwa 38, na picha zilizomo ni 37. Nilimwacha mmoja tu, kwa sababu mwandishi hajichori, na wenzangu walikubali hivyo. Hayupo humo mtu anayeitwa Pascal.

Mimi mambo yangu yanaendelea vizuri. Kazi bado ni ya usiku, nimeizoea. Mwezi uliopita mkuu wetu wa kazi aliniomba niandike maneno ya kumuaga mzee mmoja anayestaafu, akisema amesikia kwamba najua kusimulia. Nilimwandika kama nilivyomwandika Sambaza, kwa Kifaransa safari hii. Ukumbi mzima ulicheka, mzee alilia, na mke wake alikuja kuniomba karatasi ile aiweke kwenye fremu. Mkuu alinishika mkono mbele ya wote, akauliza nilisomea wapi, nikajibu: Bukavu. Nakuomba umweleze Baba Mdogo na hilo.

Wakati huu wa mwaka saa zetu na zenu ni sawa, lakini giza si sawa. Saa kumi na mbili jioni, kwenu kunapoanza kuingia usiku na wavuvi wanapotoka na taa zao, mitumbwi mitatumitatu iliyofungwa pamoja, wakiimba, hapa jua bado liko juu kabisa na litatua karibu saa nne. Nalala mchana na kuamka kabla ya kwenda kazini, na saa ile huwa nasimama kando ya mto Meuse kana kwamba nitazisikia zile nyimbo. Mto huu ni mzuri. Hauna sambaza.

Basi, Mama, nakuomba mambo haya. Kabla ya tarehe 29, nenda Nguba mwenyewe, usimtume mtu, ulichukue daftari. Najua Déo alilitoa kwenye sanduku la bati Noeli iliyopita, alipokuja kutengeneza paa, nami sidhani kwamba alilichukua kwa ubaya. Zungumza na Baba Mdogo taratibu, mkiwa wawili, kabla Mama Mdogo hajarudi sokoni. Siku ya sherehe asome Neema, kwa Kiswahili, na kabla ya kusoma aseme kwamba liliandikwa na kaka yake. Déo akipenda, asome ukurasa wa kumi na moja yeye mwenyewe, ataufurahisha ukumbi kuliko mtu mwingine yeyote. Halafu Neema aanze kuwaandika wenzake wa sasa, mmoja mmoja, ila asiandike kamwe juu ya nguo ya mtu, chakula cha mtu wala ada ambayo mtu hakulipa. Sisi hatukufanya hivyo, ingawa Duka alikuwa na madeni ya darasa zima mkononi mwake.

Na wakikukatalia Nguba kwamba daftari liliandikiwa nyumbani kwao, fungua ukurasa wa Larousse. Nusu ya chini haina maneno, ina duara za wino wa buluu, zimekwenda hadi nje ya mstari na kutoboa karatasi. Nilikuwa nimeinuka kumfungulia Koko mlango, na niliporudi nilimkuta Neema, mwenye miaka miwili, ameketi juu ya mkeka wetu, kalamu yangu mkononi.

Mwanao,
Pascal