Mtuachie karata darasani, watoto wanajifunza Kiingereza cha kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niwaombe wakuu wa shule na wazazi wenzangu wa huku Kigoma watuachie karata darasani. Nasema karata kweli, zile za kushika mkononi, ila hizi tunazitengeneza wenyewe kwa maboksi na zimeandikwa kazi za watu kwa Kiingereza, na mimi kama mwalimu wa somo hilo sijaona kitu kinachowafungua midomo watoto wa form one haraka kama hizi.

Hali mnaijua. Mtoto kasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kilikuwa kipindi tu kama vipindi vingine, halafu Januari anaingia sekondari anakuta fizikia Kiingereza, jiografia Kiingereza, hadi matangazo ya mstarini. Muulize akimaliza shule anataka kuwa nani, atakujibu doctor, teacher, pilot, basi. Ndoto anazo nyingi, maneno ndo hana. Sasa mwambie akuelezee kwa Kiingereza baba yake anafanya kazi gani pale Kibirizi, baba ni fundi wa injini za boti, mtoto anainama kimya, yaani kazi inayomlisha nyumbani hana hata neno moja la kuisemea. Hapo ndo pananiuma.

Na wakati wenyewe ndo huu. Tangu Januari 2024 mtaala mpya umeanza na kuna mkondo wa amali, watoto wanasoma ufundi wakiwa bado sekondari. Mkataba wa reli ya kisasa, SGR, ya Tabora mpaka Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Bandari tunayo, mizigo ya Kongo na Burundi inapita hapa, michikichi inapandwa. Kazi zote hizo ukienda kwenye usaili unakutana na fomu ya Kiingereza na mtu anakuuliza kwa Kiingereza unaweza kufanya nini.

Mchezo wenyewe sio mgumu. Tunachukua kazi 12, kila kazi ina karata 4: moja ina jina la kazi na picha, ya pili kifaa chake, ya tatu mahali inapofanyika, ya nne kile anachokifanya huyo mtu. Jumla karata 48. Watoto wanakaa wanne wanne au watano, kila mmoja anagawiwa karata tano, zinazobaki zinawekwa katikati zimefunikwa. Lengo ni kukusanya familia nzima ya kazi moja, na huwezi kuomba karata kama huna hata moja ya familia hiyo, kwa hiyo inabidi ufikirie. Unamgeukia mwenzako, "Do you have the welder's mask?" Anayo, anakupa. Hana, anasema "No, I don't" unachota katikati. Ukitimiza nne huruhusiwi kuzilaza chini mpaka useme sentensi zako bila kusoma: "A welder joins metal. She wears a mask. She works in a workshop." Ukisahau ile s ya mwisho wenzako wanakurudisha, unakaa nazo mkononi mpaka zamu yako ifike tena. Hiyo s nimeifundisha ubaoni miaka na miaka wakawa wanaandika vizuri kwenye daftari wakiongea wanaiacha, kwenye karata wanaidaiana wenyewe kwa wenyewe mimi niko pembeni tu.

Kuna mwingine mfupi wa kumalizia kipindi. Mmoja anaweka karata kwenye paji la uso bila kuiangalia, anawauliza wenzake maswali ya ndiyo na hapana tu, "Do I wear a uniform? Do I work on the lake?" mpaka ajue yeye ni nani. Darasa lenye watoto themanini mwalimu ukiuliza swali anajibu mmoja na themanini kasoro mmoja wanasikiliza, kwenye makundi wote wanaongea kwa wakati mmoja. Kelele zipo ndiyo, lakini ni kelele za Kiingereza.

Kazi tunazoweka ni za hapa hapa kwanza: nahodha, baharia, fundi wa kuchomelea, wakala wa forodha, mkalimani, mkunga, mpimaji ardhi, dereva wa treni. Seti ya meli naipenda kupita zote kwa sababu naanza kwa kuwaambia habari za Liemba, kwamba ilijengwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli mpaka Dar na kwa treni mpaka hapa Kigoma, ikaungwa tena hapa na kushushwa ziwani 1915. Watoto wanaiona meli hiyo toka wadogo na hawajawahi kuambiwa. Baada ya hapo neno kama engineer au crane operator halisahauliki. Na seti ya Gombe, ile hifadhi yetu ya sokwe, vilevile, mtafiti, askari wa hifadhi, daktari wa wanyama, muongoza watalii. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipofika pale 1960 hakuwa na digrii, kabla alikuwa anafanya usekretari, digrii ya uzamivu (PhD) ya Cambridge akaja kuipata baadaye, kwa hiyo yeye tunamuwekea karata mbili na watoto wanabishana aanze familia ipi.

Halafu kwenye picha ya fundi na ya nahodha chora mwanamke, kwenye nesi chora mwanaume. Msichoke na hili.

Sasa shule moja hapa manispaa, karata hizi zilikusanywa zikachanwa na wazazi wakaitwa kwamba watoto wanacheza kamari. Wazazi wenzangu, kamari ni pesa. Hizi hazina kopa wala shupaza, hakuna anayeweka hata shilingi kumi, anayeshinda anashinda kwa kuongea. Hofu yenu naielewa kwa sababu vijana wetu wengine vijiweni wanapotea kwa karata za pesa, lakini njooni siku moja mkae nyuma ya darasa msikilize mtoto wako anavyouliza maswali kwa Kiingereza, ndo muamue.

Gharama ni boksi la sabuni, mkasi na maki pen. Nyumbani pia inawezekana, mtoto agawe karata zake mafungu matatu, alizokosa anazirudia kila siku, anazobahatisha kila siku ya tatu, anazozijua mara moja kwa wiki. Njia hii ya mafungu ilienezwa na mwandishi Sebastian Leitner mwaka 1972 na haihitaji umeme wala bando.

Na wewe Mhariri nina ombi. Gazeti lako linafika hata shule ambazo hazina maktaba. Ungetutengea kona ndogo kila Jumamosi, kazi tatu tu, karata 12 za kukata kwa mkasi, picha na Kiingereza chake, mwezi mmoja darasa linakuwa na seti nzima. Maneno na sentensi niko tayari kuziandaa mimi na walimu wenzangu, bure, na tutaanza na mkunga, fundi injini na mpimaji ardhi.

Mwalimu wa Kiingereza,
Mwanga, Kigoma