Kwa nini hatukupigi leza siku ya kwanza

Wiki iliyopita dada mmoja alitoka kwenye kliniki yetu ya ngozi amekasirika. Alikuja na hela yake mkononi akitaka makovu ya chunusi yaanze kushughulikiwa siku hiyohiyo. Sisi tukampiga vidoti vichache tu vya leza pembeni ya taya, karibu na sikio, kama jaribio, tukamwambia arudi baada ya wiki nne. Alipofika mapokezi akasema, "Mnanizungusha ili mnile hela mara mbili." Si wa kwanza kusema hivyo, na yananiuma kila nikiyasikia, kwa hiyo leo nayajibu.

Kwanza hiyo hela. Ada ya jaribio tunaikata kwenye bei ya kikao cha kwanza. Jaribio likionyesha ngozi yako haifai kwa leza kwa sasa, umelipa ada hiyo tu na uso wako umebaki salama.

Sasa hizo wiki nne. Leza nyingi hutafuta rangi, na sisi rangi yetu iko kwa wingi kwenye tabaka la juu la ngozi. Mwanga usiochaguliwa vizuri unaishia hapo juu na kuunguza kabla haujafika unakotakiwa. Ndiyo sababu kwa vipele vya ndevu tunatumia leza ya aina inayoitwa Nd:YAG, yenye mawimbi ya nanomita 1,064, ambayo inapita kwenye rangi bila kuibughudhi sana na kwenda chini kwenye shina la unywele. Kwa mashimo ya chunusi na makovu ya moto tunatumia leza ya kaboni dayoksaidi. Hii inalenga maji yaliyo ndani ya ngozi. Inatoboa vitundu vidogo mno na kuacha ngozi nzima katikati yake, na ngozi hiyo nzima ndiyo inayoharakisha kupona. Lakini ngozi nyeusi ikijeruhiwa, hata kidogo, inaweza kuacha weusi mahali pale, na weusi huo hauonekani siku ya leza. Unajitokeza wiki ya pili, ya tatu, wakati mwingine ya nne. Ukitaka tukuangalie kesho yake utuambie "mbona niko sawa, endeleeni", hatutakubali.

Mwaka jana alikuja mama aliyekuwa na harusi ya bintiye wiki mbili mbele. Alitaka madoa ya mashavuni yaishe kabla ya kitchen party. Tulikataa, akaenda saluni moja yenye mashine ya mwanga, wakamfanyia mchana uleule kwa chini ya nusu ya bei yetu. Alirudi kwetu baada ya harusi akiwa na alama za mistatili kwenye mashavu yote mawili, umbo lilelile la kioo cha mashine. Ilichukua miezi minane ya krimu na losheni ya kukinga jua kuzififisha, na gharama yake ilizidi vikao vyote alivyovikimbia kwetu. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba kwenye picha za harusi ya mwanawe alijifunika mtandio hadi chini ya macho.

Lakini kinachotusumbua kuliko vyote ni mkorogo. Umepigwa marufuku, bado unauzwa kwenye vikopo visivyo na jina, na wateja wetu wengi wanatumia huku wakisema hawatumii. Tunajua. Uso ukiwa mweupe na viungo vya vidole vikibaki vyeusi, hatuhitaji kuuliza mara mbili. Mikorogo hiyo mara nyingi ina haidrokwinoni, ambayo ni dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, steroidi, hata zebaki. Steroidi ikipakwa miezi mingi inaifanya ngozi kuwa nyembamba, mishipa inaonekana na kidonda kinachelewa kufunga. Ngozi ya namna hiyo ukiipiga leza kwa nguvu ya kawaida, umeiunguza. Dada mmoja alituficha, jaribio lake likatoka malengelenge. Lingekuwa uso mzima, sijui ningemtazama vipi.

Usikiache kikopo chako ghafla ukiwa peke yako nyumbani, maana ngozi iliyozoea steroidi inaweza kuwaka, ikawasha na kutoa vipele vingi. Njoo daktari wetu akupangie namna ya kupunguza. Sisi tunasubiri miezi mitatu tangu uache ndipo tufanye jaribio.

Watu wa makovu yanayovimba nao hutuona tunawakataa. Kuna kijana wa bodaboda aliyekuja na keloidi kifuani, imetoka kwenye kipele kidogo ikapanuka mpaka ukubwa wa kiganja cha mtoto. Alitaka likatwe kwa leza. Keloidi ikikatwa tu bila tiba nyingine, mara nyingi inarudi, na inaweza kurudi kubwa kuliko ya mwanzo. Tulimwanzishia sindano za steroidi ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki nne. Steroidi hiyohiyo inayoharibu uso ikipakwa ovyo, hapa daktari anaipima na kuiweka panapostahili. Baada ya sindano ya tano kovu lililala na muwasho ukaisha. Leza tulikuwa tumepanga vikao vinne, akahitaji kimoja. Tungeweza kumuuzia vyote.

Bei yetu iko juu kuliko ya saluni, ni kweli. Ndani yake kuna daktari wa ngozi anayekaa chumbani mpaka kikao kiishe, ganzi ya kupaka inayoachwa ikolee vizuri, miwani ya kukinga macho kwa kila aliyemo, na fundi anayepima nguvu ya mashine kwa ratiba, kwa sababu umeme unaoyumba hubadilisha kile kinachotoka kwenye kichwa cha leza. Na hatuahidi kufuta kovu. Mashimo ya chunusi hupungua kina polepole, na ngozi huendelea kujijenga miezi kadhaa baada ya kikao cha mwisho.

Ukija mara ya kwanza, beba kila unachopaka: krimu, sabuni, mafuta, na kile kikopo kisicho na jina. Tunavifungua mezani mbele yako, daktari anaandika kwenye faili lako, na unarudi navyo nyumbani.