Vitufe vya gemu ya umma vipewe majina

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wenye mabanda ya gemu hapa Mtwara, na wenzao wa Lindi, wanaorusha gemu ya Nintendo DS (kifaa cha gemu cha mkononi chenye vioo viwili) ukutani kwa projekta huku watazamaji wakiicheza kwa kutuma meseji. Mtindo huu ulivuma Februari 2014, umati wa Twitch, mtandao wa kurusha gemu mubashara, ulipoanza kucheza Pokémon Red na kuimaliza kwa siku 16. Ile ilikuwa ya vitufe tu: juu, chini, A, B. DS ina kioo cha kugusa, na hapo ndipo watu hutuma namba za mahali pa kugusa mpaka wachoke na hakuna kinachobonyezeka.

Kila kioo cha DS kina pikseli (nukta za picha) 256 kwa upana na 192 kwa kimo. Hesabu huanzia kona ya juu kushoto, 0,0, na kuishia 255,191. Y huongezeka kwenda chini, kinyume na grafu ya shuleni. Kinachoguswa ni kioo cha chini pekee.

Piga skrinshoti kwenye kompyuta yenyewe. Picha ya simu iliyopigwa ukutani huwa imepinda, haifai kupimia. Tuseme emuleta, yaani programu inayoiga DS kwenye kompyuta, imekuza picha mara 3 na vioo vimepangwa juu na chini. Kitufe kiko x 48 hadi 432, y 696 hadi 840. Gawanya kwa 3: x ni 16 hadi 144, y ni 232 hadi 280. Kwenye y toa 192 za kioo cha juu, inabaki 40 hadi 88. Chukua katikati: 80,64. Emuleta ikiwa imeacha pengo kati ya vioo, nalo litolewe, la sivyo mguso utaangukia chini ya kitufe.

Ninalowasihi zaidi ni hili: msiwaachie watazamaji namba tupu. Mkicheza kwa kura, wanaotaka kupiga wakiwa watano, wawili watatuma 80,64, wawili 81,64 na mmoja 78,66. Watatu wanaotaka kukimbia wakitaja namba moja, wanashinda, ingawa ni wachache. Kitufe kiitwe "piga", programu itafute namba yenyewe, na kura zote tano zitakaa pamoja. Bandikeni majina hayo pembeni ya picha.

Jina lifungwe kwa menyu yake. Mkirusha gemu mtandaoni pia, picha huchelewa kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo amri hufika menyu ikiwa imeshabadilika, na pale palipokuwa na "begi" sasa pana kitu kingine. Amri isiyo ya menyu iliyopo itupwe. Menyu ya kufuta sevu, yaani gemu iliyohifadhiwa, isipewe jina kabisa. Mmoja tu mwenye utani mbaya anatosha kuharibu kazi ya wiki nzima.

Mwisho ni muda wa mguso. DS huchora takriban fremu (picha moja moja) 60 kwa sekunde, na mguso wa fremu 1 gemu nyingine haziuoni. Shikilia fremu 6, achia fremu 6, ndipo amri inayofuata. Usipoachia, gemu itadhani kidole kinaburutwa toka kitufe kimoja hadi kingine, na vyote viwili vitakosa.

Mpenzi wa gemu,
Shangani, Mtwara