Mpwa wangu, haki ya watu wa Pangani haikuwa mali ya Abushiri

Mpwa wangu,

Salaam nyingi kutoka Tanga. Huku wote hatujambo. Ujumbe wako kwenye kundi la familia nimeusoma na kuurudia, na nimeona nikujibu hadharani kwa sababu maneno yale si yako peke yako. Nayasikia kwa vijana wengi siku hizi. Umesema mwalimu wenu huko Hamburg aliwaeleza kwamba vita vya pwani ya Mrima (pwani ya Tanganyika inayotazamana na Unguja) vya 1888 vilikuwa vya wafanyabiashara wa watumwa waliokuwa wakitetea mali yao, ukauliza kwa nini sisi bado tunamwita Abushiri bin Salim, kiongozi wa vita vile, shujaa. Ukamalizia kwamba mtu aliyemiliki watu hana haki ya kulalamika akitawaliwa.

Nianze pale ulipo na hoja. Abushiri alikuwa na shamba la miwa karibu na Pangani, na miwa ile ililimwa na watumwa. Kazi ya sukari ni ngumu kuliko ya minazi: kukata, kubeba, kusaga, kisha kuchemsha hadi usiku. Mwaka 1873, miaka 15 kabla ya Wadachi kushuka, watumwa wa mashamba hayo ya Pangani waliasi wakatoroka. Kwa hiyo kabla ya Mzungu kuleta habari za ukombozi, kulikuwa na watu pale pale mtoni waliokwisha kujikomboa kwa miguu yao, na waliyemkimbia ni mtu wa aina ya Abushiri. Watoro wale wana haki ya kumhukumu, na wakimlaani mimi sitasimama kumtetea.

Lakini mwalimu wenu hakuuliza watoro walisema nini. Amezitumia dhambi za Abushiri kumpa uhalali mtu mwingine kabisa, na hapo ndipo ninapokataa.

Hebu tutazame waliingiaje. Mwaka 1886 Ujerumani, Uingereza na Ufaransa zilituma tume kuamua Sultani wa Unguja anamiliki nini bara. Wakampimia ukanda wa maili 10 kutoka baharini. Aprili 1888, Seyyid Barghash akiwa amefariki mwezi mmoja tu kabla, mrithi wake Seyyid Khalifa akatia sahihi mkataba wa kulikodisha ukanda wa kusini kwa Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki kwa miaka 50. Forodha, kodi, bandari na mahakama vyote vikapita mikononi mwa kampuni ya biashara. Ukisoma karatasi peke yake utasema mambo yalikwenda kisheria, maana kulikuwa na mwenye nchi, mpangaji na sahihi.

Tatizo ni kwamba watu wa Mrima hawakumjua Sultani kama mwenye nchi wa namna hiyo. Miji ilikuwa na majumbe wake, wakuu wa wenyeji, na majumbe walikuwa na ada zao kutoka kwenye misafara iliyoshuka na pembe. Liwali, mwakilishi wa Sultani, alikaa mjini kwa kuelewana nao. Ukienda Saadani, Bwana Heri bin Juma alijihesabu mtawala kwa haki yake mwenyewe, na alikwisha kupigana na jeshi la Barghash kabla ya Mjerumani yeyote kuonekana. Sultani angewezaje kukodisha Saadani? Abushiri naye hakuwa mtu wa Sultani. Alikuwa mpinzani wa ukoo wa Busaidi, ukoo wa Masultani wa Unguja, kwa miaka mingi. Watu hawa walikataa karatasi ya mtu ambaye hawakuwahi kukubali kwamba anaweza kuwauza.

Agosti 1888 kampuni ikaanza kazi. Pangani ilipelekewa ofisa wake, Emil von Zelewski. (Huyu ndiye aliyekuja kuuawa na Wahehe kule Lugalo mwaka 1891, akiwa kamanda wa jeshi la Wajerumani.) Alitaka bendera ya kampuni ipandishwe, na liwali, Abdulgawi bin Abdallah, akakataa kwa sababu hakuwa na amri ya Sultani ya kufanya hivyo. Zelewski akaita wanajeshi kutoka meli ya kivita. Siku zilikuwa za Idi el-Haji. Wakashuka na bunduki, wakaingia nyumbani kwa liwali na msikitini wakimtafuta, na mlingoti wa bendera ya Sultani ukakatwa. Mpaka leo wazee wa pwani wanasimulia kwamba waliingia msikitini na mbwa. Hebu fikiria, mpwa wangu: kama mkataba ulikuwa wa Sultani, kwa nini kazi ya kwanza ya mpangaji ilikuwa kukata mlingoti wa mwenye nyumba?

Kisha zikaja amri. Mwenye shamba alitakiwa athibitishe kwamba ni lake mbele ya maofisa wa kampuni, na ardhi isiyo na uthibitisho waliotaka wao ingekuwa ya kampuni. Mwambie hivyo mtu ambaye minazi yake ilipandwa na babu yake, na shahidi wake ni jirani! Hapo waliotishika si matajiri wa miwa tu. Ni wenye vishamba, mafundi wa majahazi, wachukuzi wanaoishi kwa msafara, majumbe, na hata watumwa waliokuwa wamepata nafasi ya kufanya biashara ndogo mjini.

Ndiyo maana ulipolipuka, moto haukuanza na amri ya Abushiri. Mwezi wa Septemba miji mingi ya pwani ilichemka karibu wakati mmoja. Watu wa bara walishuka Pangani na silaha zao, Zelewski akazuiliwa ndani ya nyumba mpaka watu wa Sultani walipomtoa. Kilwa, mbali sana na Pangani, Wayao walikuwa miongoni mwa walioushambulia mji, na maofisa wawili wa kampuni wakauawa. Abushiri hakuwa na mkono Kilwa. Alichofanya ni kuwakusanya waliokwisha kuchukia, na kwa hilo alikuwa na kipaji.

Sasa tazama Berlin. Bismarck, kansela wa Ujerumani, alikuwa na tatizo: bunge halikuwa na hamu ya kulipia vita vya kampuni ya biashara iliyoshindwa. Ulaya wakati huo Kardinali Lavigerie alikuwa anahubiri dhidi ya utumwa wa Afrika, na Wakatoliki wa Ujerumani walimsikiliza. Basi vita vya Mrima vikavalishwa kanzu, vikaitwa uasi wa Waarabu wauza watumwa, na mwanzoni mwa 1889 bunge likatoa mark milioni 2. Sheria yenyewe ilipitishwa kwa jina la kupambana na biashara ya utumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki. Uko Hamburg, mpwa wangu, maktaba ziko karibu nawe na Kijerumani unakijua. Itafute uisome mwenyewe, halafu umuulize mwalimu wako ni nusu ipi ya jina lile iliyotekelezwa.

Maana wale waliokuja kukomesha utumwa hawakuukomesha. Walizuia biashara ya kuvusha watu baharini, hilo nalikubali, na si jambo dogo kwa aliyenusurika. Lakini umiliki wa watumwa uliendelea kisheria chini ya utawala wao. Mwaka 1904 walitoa amri kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 watakuwa huru. Wazazi wao wakabaki walivyokuwa. Utumwa ulifutwa Tanganyika mwaka 1922, Wajerumani wakiwa wamekwisha kuondoka. Na pwani yenyewe, baada ya kuikodi kwa mkataba na kuitwaa kwa mizinga, mwaka 1890 waliinunua kwa mark milioni 4. Aliyelipwa ni Sultani. Watu wa Pangani hawakuulizwa mwanzo wala mwisho. Mnyang'anyi wa shamba hapati hati kwa sababu mwenye shamba ana madhambi yake.

Kuna jambo linaniuma, na nisiposema nitakuwa nimekudanganya. Januari 1889 watu wa Abushiri walishambulia misheni ya Pugu, wakawaua wamisionari, mmojawao mtawa wa kike. Wale hawakuwa wanajeshi. Na baada ya Hermann von Wissmann, kamanda aliyeletwa na Wajerumani, kuivunja boma yake karibu na Bagamoyo mwezi Mei, kisha Pangani kutekwa Julai, Abushiri aliwaleta Mafiti, kundi la wapiganaji kutoka bara, nao wakachoma vijiji vya Uzaramo. Mzaramo aliyepoteza nyumba na watoto kwa mikono ya Mafiti alipoteza kwa ajili ya nani? Kupigana na mvamizi ilikuwa haki yao. Kuchoma vijiji vya Wazaramo hakukuwa haki ya mtu yeyote. Haya mawili nayashika pamoja na sioni kwamba moja linafuta lingine. Abushiri alikamatwa akikimbia, mwenyeji akamtoa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri aliendelea mpaka 1890, na naona ajabu kwamba watoto wetu hawamjui.

Unaniuliza basi shujaa ni nani. Mimi ningemwita shujaa liwali aliyekataa kupandisha bendera ya kampuni kwa sababu hakuwa na amri, ingawa meli ya kivita ilikuwa mbele ya macho yake. Ningewaita mashujaa watoro wa 1873. Abushiri namwita kiongozi wa vita vya haki ambaye mikono yake haikuwa safi, na sitaona aibu kumtaja.

Mwisho, kwa kuwa unasoma huko Hamburg: Wissmann alikuwa na sanamu Dar es Salaam, Waingereza wakaing'oa, ikapelekwa Hamburg na kusimamishwa karibu na chuo kikuu. Yeye alisimama juu, na chini yake palikuwa na askari Mwafrika anamtazama, akimfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Ujerumani. Wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968. Walikuwa vijana wa Kijerumani, wa umri wako. Nenda kaulize waliiangusha kwa hoja gani, kisha niandikie. Nataka kujua kama kuna aliyemtaja yule askari wa chini, kwa sababu juu ya askari wale, Wasudani na Washangaa (watu wa Msumbiji) wa Wissmann waliolipwa kuivunja Pangani, bado sijasema neno, na wewe na mimi tuna mengi ya kubishana.

Mjomba wako.