Kaka, mikono sijaifunga

Kaka yangu,

Shikamoo. Siku za giza, za kuvua dagaa, zikiisha na mbalamwezi ikatoka utarudi Mwanza kama kawaida, na kitandani kwa mama utakuta mfuko wa kitambaa. Ndani mna sweta ninalokufumia kwa kroshia. Nakuandikia hadharani kwa sababu ukiwa kambini kisiwani Ukara ujumbe wangu huwa hujibu, ila haya ninayoandika huku najua unayasoma. Na wako akina dada wengine wenye ndugu zao ziwani.

Safari iliyopita ulikohoa usiku kucha. Ulisema lile koti linakubana mabega ukivuta wavu wa dagaa, basi unalivua, na upepo wa alfajiri unakupata kifuani. Sikulala. Kulipokucha nikaenda soko la Mlango Mmoja kuchambua mitumba.

Nilitaka sufu, siyo akriliki, ule uzi wa plastiki. Sufu hata ikilowa inashika joto, na cheche ya karabai ikiirukia haiyeyuki ikakugandia ngozini. Nilipata masweta mawili makubwa ya kufumua nipate uzi, nikaomba nichomoe kipande cha uzi, nikakiwasha kiberiti. Kilinuka kama nywele zilizoungua, na majivu yakasagika vidoleni. Akriliki ingeacha kidonge kigumu. Nikakagua na mishono ya ubavuni, maana sweta lililokatwa kwa mkasi ndipo likashonwa, ukilifumua unaambulia vipande vifupi tu. Uzi wake ulikuwa mwembamba, kwa hiyo nafuma nyuzi tatu kwa pamoja, sindano ya milimita 5.

Shangazi aliuliza tangu lini kroshia ikavaliwa na mwanaume. Anajua vitambaa vya makochi, vile vya mama. Nilimwekea kipande mkononi, akakaa nacho kimya muda mrefu.

Kile kipande ndicho kilichonichosha kuliko vyote. Kifua chako ni sentimita 102. Niliongeza 10 ili uweze kunyoosha mikono, kwa hiyo mbele ilitakiwa 56. Nikapiga hesabu kwa sampuli ya mafundo ya kawaida. Mbele ikatoka 48! Mafundo ya kuinuka huvutana, kitambaa kinasinyaa upana na kinakula uzi. Nilifumua yote, nikafuma sampuli nyingine kwa mafundo yale yale ya sweta, nikaifua, nikaianika ikakauka, ndipo nikaipima.

Ukilishika utaona kama kamba zinazoshuka kifuani. Badala ya kuchoma sindano kichwani mwa fundo la mstari wa chini, unaizungusha nyuma ya shina lake, nalo linasimama mbele. Kati ya kamba na kamba kuna hewa, na hewa hiyo ndiyo mwili wako utakayoipasha moto. Nimeziweka kifuani na mgongoni peke yake. Mikono ni laini, bila kamba, kwa sababu wavu unanasa kwenye chochote kilichoinuka. Vifungo sikuweka hata kimoja.

Makwapani nimepunguza unene ili jaketi la kujiokoa likae vizuri juu yake. Livae, kaka. Usiku ziwa linapochafuka wewe unajua kuliko mimi. Mimi nikisikia radi upande wa Ukerewe naamka nikae tu.

Mikono nimeianzia begani kushuka chini. Wavuvi wa pwani za Uingereza walikuwa na masweta ya kufuma ya namna hiyo: kiwiko au pindo la mkono likilika, unafumua kuanzia chini mpaka palipo pazima, unafuma upya, na kifua hakiguswi. Walipenda pia mikono mifupi kidogo, isichovye majini. Nimeliona hilo ni la maana sana kwako, wewe unayeshinda viganja vimelowa.

Ndiyo maana mikono ya sweta sijaifunga. Vitanzi vya mwisho nimevishika kwa pini, na donge la uzi uliobaki limo humo mfukoni. Nataka nikupime ukiwa umekunja mkono kama unavyokunja ukivuta wavu, siyo umesimama wima. Ukifika lijaribu, lakini pini usizitoe, na usirudi Ukara kabla sijaja. Nitakuwa kwa mama Jumamosi jioni.

Dada yako